Jani Juu ya Jina

Siku niliyoona mstari ukirudi ulikotoka, nilipiga ukelele. Dada Gillian alikuwa upande wa pili wa duka akikata picha za pasipoti. Akaruka, mkasi mkononi.

"Nini? Nyoka?"

"Umerudi! Nimechora, nimekosea, nimebonyeza hapa, mstari umerudi. Njoo uone!" Nikachora mwingine, huu nikaupinda vibaya makusudi, nikabonyeza. Kioo cha kompyuta kikawa cheupe kana kwamba sijagusa kitu.

"Pili, hiyo ni kufuta tu ya kawaida. Umenishtua roho kwa hiyo?"

Kwake ni kawaida kwa sababu hajapata kuchora piko, ile rangi ya kupambia maharusi. Piko halirudi. Likishagusa ngozi ya bi harusi, limekaa. Mkono ukiteleza, lile kosa unaligeuza jani. Jani likikataa, unaligeuza ua, na ua likizidi kuwa kubwa unamwambia bi harusi kwamba ndio mtindo uliotoka Mombasa juzi. Nimechora mikono na miguu ya Msambweni tangu nilipomaliza darasa la nane, na hakuna kosa langu hata moja lililowahi kuniambia, "Haya, mimi narudi."

Kilichonifikisha mbele ya kompyuta ni vidole vyangu. Piko jeusi huchanganywa na dawa ya kutia nywele weusi, na ile dawa ilianza kunila. Kwanza ulikuja mwasho, kisha malengelenge, kisha ngozi ikapasuka kwenye viungo vya vidole hata kumega ugali wa moto ikawa shida. Hospitali, daktari alivigeuza vidole vyangu juu chini akasema, "Binti, ama uiache hii dawa, ama ngozi ikuache wewe." Nikajaribu glavu, mwasho ukapita ndani ya glavu. Nikajaribu kuchora kwa hina tupu, lakini maharusi wetu wanataka nyekundu na nyeusi pamoja, na usipokuwa na nyeusi wanamwita mwingine.

Nikaacha. Mama akasema tutakaanga mahamri, Mungu hamtupi mja wake. Mama hakunielewa. Sikuwa nalilia kazi, nilikuwa nalilia kuchora. Nikipewa mchele niuchambue, kidole kinazunguka chenyewe kwenye ungo, kinachora majani ndani ya mchele.

Dada Gillian ni mtu wa Kakamega. Alikuja pwani kufanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipopunguza watu, akafungua duka hapa barabara kuu: nakala, picha za pasipoti, kadi za harusi, mabango. Nilikwenda kwake kutoa nakala ya kadi ya hospitali, nikamkuta anashughulika na picha ya mwanafunzi. Picha ilikuwa imepigwa uani kwao, na nyuma ya kichwa cha yule mtoto kulikuwa na kamba ya nguo, shuka na suruali ya mtu mzima. Dada Gillian akapitisha kalamu isiyo na wino juu ya kibao cheusi, na kule kwenye kioo suruali ikaondoka, shuka likaondoka, kamba ikaondoka, ukabaki ukuta mtupu wa samawati. Nakala yangu ilikuwa imetoka zamani. Mimi bado nimesimama.

"Dada, kuna kitu kingine unataka?"

"Hapana. Naangalia."

"Kuangalia ni bure, lakini umesimama mlangoni. Wateja watapita wapi?"

Nikakaa kwenye benchi. Kesho yake nikarudi kuangalia, na kesho kutwa pia. Nikawa nafagia, nakata picha, naamkia wazee wanaoingia, maana dada Gillian aliwapokea kwa "sasa?" na wazee wakaguna. Siku moja akachoka kuniona nimenyoosha shingo kama kuku, akanipa kalamu.

Maneno yote ya ile programu ni ya Kizungu, sikuyajua. Niliyashika kwa alama na kwa mahali pake: brashi, kifutio, ndoo ya kumwaga rangi, kioo cha kukuzia. Pembeni kulia kulikuwa na kijicho kidogo peke yake, kimekaa kinanitazama. Sikuona kina kazi gani, nikakiacha.

Kalamu niliishika kama tunavyoshika koni ya hina, kwa ncha za vidole, kiganja hakilali. Dada Gillian aliutazama mkono wangu. Halafu akasema jambo ambalo lilinifanya nikose usingizi kwa furaha na hofu.

"Kompyuta ya pili inafika. Kiti kitakuwa kimoja tu. Kuna kijana anaitwa Owen, amemaliza kozi kule Ukunda, ananipigia simu kila siku. Lakini hii wiki nimepata kazi ya leso ya harusi, na mimi leso sijui hata juu ni wapi na chini ni wapi. Ichore wewe. Wenyewe wakiikubali na mchapaji wa Mombasa akaipokea, kiti ni chako. Ikikwama, nampigia Owen. Sitaki kukudanganya."

"Sawa," nikasema. Sauti haikutoka. Nikasema tena, "Sawa!"

"Nimesikia, bana, usinipasue masikio."

Leso hiyo, wengine huita kanga, ilikuwa ya harusi ya Subira, binti wa hapa Msambweni anayeolewa na kijana wa Jego. Mwenye mambo yote alikuwa shangazi yake, Bi Maimuna, mama mnene mwenye mkoba mdogo na maneno makubwa. Alitaka sare ya upande wao: pindo la korosho kuzunguka pande nne, asumini kwenye mji pale katikati, na chini ya asumini jina la leso, yaani yale maneno ambayo kila leso huyabeba. Jina alikuja nalo limeshakatwa shauri: TUMETEUA KILICHO BORA. Mchapaji alitaka faili limfikie kabla ya sala ya Ijumaa, la sivyo sare zingefika harusi imeshakwisha.

Nilianza Jumatatu. Jamani, ile raha! Nilichora korosho moja kwa utulivu, na bibo lake na mkunjo wake, na dada Gillian akanionyesha namna ya kuinakili. Moja zikawa mbili, mbili zikawa nne, pindo lote likajaa chai haijapoa. Nilisimama nikakizunguka kiti mara kadhaa ndipo nikaweza kukaa. Nikakuza asumini mpaka ua moja likajaa kioo kizima, ua ambalo mkononi mwa mtu ni kama punje ya mtama, nikaingia ndani yake nikachora mshipa wa kila jani la ua. Nikamwaga zambarau, nikaitoa, nikamwaga nyekundu ya damu ya mzee, nikairudisha zambarau. Hakuna aliyeniambia nafuja kitu.

Dada Gillian alipita nyuma yangu na kikombe. "Unatumia matabaka?"

"Ndiyo nini hayo?"

"Fikiria vioo vya dirisha vimelazwa kimoja juu ya kingine. Kila kioo kina mchoro wake. Ukitazama kutoka juu unaona picha moja, lakini ukitaka kubadilisha kitu unachomoa kioo chake tu, vingine havijui. Ndiyo kazi ya hilo jicho hapo."

Nikaitikia. Vioo nilivielewa. Nisichokielewa ni vya nini. Ngozi ya mtu ni moja, na kila kitu hukaa juu yake pamoja, ndio maana kinapendeza. Nikaendelea vilevile. Jina nikaliandika kwa mkono wangu, herufi nene, na kama tunavyofanya kwa jina la bwana harusi kwenye kiganja, nikalivisha majani: shina likapita ndani ya herufi O, kikonyo kikazunguka mguu wa herufi K, jani moja likapanda juu ya herufi ya mwisho likalala. Yote mahali pamoja, yameshikana kama ukili wa mkeka.

Alhamisi Bi Maimuna akaja. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa.

"Yallah! Mwanapili, hii ndiyo wewe umeichora? Wewe wa piko?"

"Ndiyo, Bi Maimuna."

"Maashallah. Maashallah, mwanangu." Akakipiga picha kioo kwa simu yake, akaituma kwa jamaa zake wote papo hapo. "Imekwisha. Itumeni."

"Tutatuma kesho asubuhi," dada Gillian akasema, "mchapaji amefunga leo." Alinikonyeza. Nilikwenda nyumbani nikirukaruka kama mtoto aliyeona mwezi wa Idi. Mama aliniuliza nimekula nini.

Lakini ile picha ilifika Jego kabla sijafika nyumbani.

Ijumaa, dukani hata pazia hatujafungua, Bi Maimuna akaingia hana salamu. "Shikamoo Bi Maimuna," nikasema.

"Marahaba. Lifute hilo jina."

"Lipi?"

"Yako majina mangapi hapo? Mama wa bwana harusi amenipigia simu kabla ya alfajiri kutoka. Ati 'kilicho bora' ni kitu, mwanawe si kitu. Ati, 'Mmemteua wapi, sokoni?' Mimi nimesema tumeteua! Tumesifu! Lakini mwanamke yule akikasirika, harusi italiwa na maneno. Andika MOLA AWAPE MASIKIZANO. Kazi ya dakika moja hiyo, si kompyuta?"

Nikafungua faili. Nikachukua kifutio. Nikaigusa herufi T, ikaondoka, na shina lililoikumbatia likaondoka nayo. Nikabonyeza kurudi. Nikajaribu herufi nyingine kwa ncha ndogo kabisa. Jani likakatika katikati, na nyuma yake pakaonekana weupe kama mfupa. Niliinuka kidogo kwenye kiti nikakaa tena.

"Rudisha nyuma mpaka kabla hujaandika jina," dada Gillian akaninong'oneza.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Hakuna kilichorudi. Faili lilifungwa jana, na kompyuta ilikuwa imesahau njia yote niliyopita.

Dada Gillian akainama, akatazama pembeni kulia. Kijicho kilikuwa kimoja tu. "Pili," akasema polepole. "Pindo, maua, majani, herufi. Zote tabaka moja?"

"Ngozi ni moja," nikasema kama mjinga.

Hakunigombeza. Ilikuwa afadhali angenigombeza. Alitazama saa ya ukutani, kisha simu yake iliyokuwa mezani, na mimi nikaitazama simu ileile. Nilijua jina lililo ndani yake.

"Kuna nini?" Bi Maimuna akauliza. "Mbona mmekuwa kama mliofiwa?"

"Bi Maimuna," nikasema, "nimeichora kama piko. Jina likitoka, majani yanatoka nalo, na mji unabaki na shimo. Kosa ni langu. Nipe mpaka adhana."

"Mpaka adhana! Jumatatu mpaka Alhamisi ulikuwa ukifanya nini, kama adhana inatosha?"

"Nilikuwa najifunza."

Akanitazama vidole. Anavijua, mimi ndiye niliyemchora siku ya harusi ya mwanawe Chande. Akavuta benchi akaketi, mkoba magotini. "Haya, fanya. Mimi siondoki hapa."

Nikafungua karatasi mpya kwenye kioo. Dada Gillian aliweka kidole pembeni kulia, nami nikabonyeza alama ya kuongeza. Kijicho kikazaliwa. Pindo nikalikata kwenye faili la zamani nikalileta zima, maana hilo halikuguswa na kitu. Kijicho cha pili: asumini, nazo nikazikata nikazileta. Vilivyokuwa vimebaki ni vya chini ya asumini, jina na majani yake, na hayo ilibidi nichore upya.

"Herufi usichore," dada Gillian akasema. "Andika kwa kibodi, zikae kwenye tabaka lake. Majani ndiyo uchore."

Nikaandika MOLA AWAPE MASIKIZANO. Herufi zikasimama peke yake, nene, safi, hazina nguo. Nikaongeza tabaka chini yake, nikaanza majani.

Hapo ndipo jambo likanijia. Majani ya chini yalipita nyuma ya herufi yenyewe, bila ya mimi kukwepa kitu. Mkononi lazima ulivunje shina kila linapofika kwenye herufi, uliruke, ulianze tena ng'ambo ya pili ukiomba Mungu likutane na mwenzake. Hapa nilivuta shina moja refu kutoka ukingo hadi ukingo, pumzi moja, likapita nyuma ya jina zima kama mtu anayepita nyuma ya pazia! Sikujua kama nilikuwa nimecheka mpaka Bi Maimuna aliposema, "Huyo anacheka nini?"

"Anacheka majani," dada Gillian akamwambia. Mwenyewe alishakuja kusimama nyuma yangu, na wateja wawili wa nakala walikuwa wakingoja mlangoni, hawaondoki.

Kisha nikaongeza tabaka jingine, juu kabisa ya jina, nikachora humo jani moja tu. Likapanda juu ya herufi ya mwisho likalala, kama lile la kwanza. Nikakifunga kijicho chake, jani likatoweka. Nikakifungua, likarudi. Funga, fungua. Sasa nilijua kijicho kina kazi gani! Nilikuwa nikitaka kumwambia kila mtu aliyepita barabarani.

"Mbona jani hilo limepanda juu ya jina?" Bi Maimuna akauliza. Alikuwa ameshasogeza benchi mpaka bega lake liligusa langu.

"Unataka nilishushe?"

"Nani kasema? Liache lilale."

Nikarudisha mikono magotini. Adhana ilikuwa bado. Bi Maimuna akavuta pumzi aseme maashallah, na simu yake ikalia. Akasikiliza, akaguna, akasikiliza tena. Akaifunika kwa kiganja.

"Ni wale wa Jego. Wanasema hilo la Mola ni zuri, lakini ukoo nao utajwe. Wanataka UKWE WETU NI UNDUGU." Akanitazama kwa woga, mama yule asiyeogopa mtu. "Mwanangu, tutafanyaje? Mtaanza tena?"

Nikaligusa tabaka la jina. Nikafuta, nikaandika. Majani hayakutikisika. Shina lilibaki nyuma pale pale, jani la juu nikalivuta kidogo likafika kwenye herufi U ya mwisho, likalala.



"Ndio hivyo tu?" Bi Maimuna akasema.

"Ndio hivyo tu."

"Hebu rudisha lile la Mola." Nikarudisha. "Hebu hilo la Jego." Nikaandika. "Hebu weka la kwanza, tuone tu, hatutumi." Nikaliweka. Alikuwa akipiga paja lake kwa furaha. "Hebu andika WENYE CHUKI WANUNE."

"Bi Maimuna!" dada Gillian akasema. "Adhana!"

Simu ikalia tena. Safari hii sauti iliyotoka ilikuwa kali hata sote tuliisikia, haikuhitaji kuwekwa spika. Ilikuwa ya bi harusi.

"Shangazi, shikamoo. Nasikia mnabadilisha jina tangu asubuhi. Jego wameulizwa, mjomba ameulizwa, mpaka jirani ameulizwa. Mimi ninayeolewa nimeulizwa na nani?"

"Subira, mwanangu, haya ni mambo ya watu wazima..."

"Nitakapoulizwa na kadhi kama nimeridhia, nitakuwa mtoto au mtu mzima? Wekeni NIMERIDHIA MWENYEWE."

Bi Maimuna aliitoa simu sikioni akaitazama kana kwamba imemuuma. Mteja mmoja wa nakala akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya kibodi, lakini niliviweka hewani. Leso si yangu.

"Bi harusi gani huyu," Bi Maimuna akasema kwa sauti ndogo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka chote, mpaka akashika meza. "Wallahi huyu kamrithi nyanya yake! Mama wa Jego atasema nini hapo? Mwanawe karidhiwa! Atanuna kwa lipi? Andika, Mwanapili. Andika upesi kabla hajapiga simu mwingine."

Nikaandika. Jina lilikuwa la maneno mawili tu, likakaa katikati ya majani kwa nafasi, linapumua. Jani la juu nikalisogeza mpaka kwenye herufi E ya mwisho. Lililala pale kama lilizaliwa pale.

Dada Gillian akalituma faili. Tulikaa wote watatu tukitazama simu yake juu ya meza, ileile simu. Muadhini alikuwa akijikohoza kwenye kipaza sauti cha msikiti ulio ng'ambo ya barabara ndipo jibu la mchapaji likaingia. Dada Gillian akalisoma kwa sauti: limefika, liko sawa, leo jioni anaanza. Chini yake akawa ameongeza swali. Nani amechora hayo majani?

Bi Maimuna akajifunga buibui, akanibusu utosini, akatoka mbio kuwahi kupika. Mlangoni akageuka. "Na mimi nataka yangu, ya Idi. Jina nitakuletea."

"Majina," dada Gillian akasema. "Utamletea majina."

Tulipobaki wawili, alianza kupanga karatasi zisizohitaji kupangwa. Sikuthubutu kuuliza. Nilifunga kijicho cha jani, nikafungua, nikafunga.

"Kesho uje na mto," akasema, bila ya kugeuka.

"Mto wa nini?"

"Hicho kiti ni kigumu. Ukikikalia kutwa nzima mgongo utakuuma."

Nilipiga ukelele, na safari hii hakuuliza kama ni nyoka.